Mashine ya Masii Niliyoitoa Kwenye Kiolezo

Kuna Jumanne moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado naona haya, ingawa sasa nina watoto wanaokaribia umri niliokuwa nao siku hiyo. Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na sikuamini kitu chochote mpaka nikipinge kwanza. Sikuambii uache tabia hiyo. Mimi mwenyewe sijaiacha. Nakuambia tu jinsi nilivyoitumia vibaya.

Tulikuwa watu wawili katika chumba kimoja mjini Machakos, juu ya duka la misumari na mabati. Kazi yetu ilikuwa kutunza seva kumi na mbili, zile mashine za kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine: nyingine za shule, nyingine za vyama vya wakulima, na moja ya zahanati ndogo kule Masii. Mkubwa wangu aliitwa Bi. Zuhura. Babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, akaoa hapa, na yeye Bi. Zuhura alikuwa mtu wa Machakos kuliko mimi. Kompyuta alijifunza ukubwani, kwa vitabu vya kuazima. Mimi nilikuwa na digrii. Unaweza kukisia nilivyomtazama.

Kila seva ina faili za mipangilio. Ndizo zinazoiambia mashine barua pepe izichukue wapi, isubiri kwa muda gani kabla ya kukata tamaa, imfungulie nani mlango. Kabla yangu, faili hizo ziliandikwa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Bi. Zuhura akaacha. Akaandika faili moja tu, kiolezo, yenye mapengo. Umewahi kuona barua ya chifu? Maneno yote yamekwisha chapwa, zimebaki nukta za kujazwa jina lako na kijiji chako. Kiolezo chake kilikuwa hivyo, ila kilikuwa na lugha yake ndogo ndani: hapa weka jina la mashine, hapa ikiwa ni shule weka mistari hii, ikiwa si shule iruke. Pembeni kulikuwa na orodha ya mashine zote na habari zake. Kila baada ya nusu saa, programu ndani ya kila seva ilichukua kiolezo, ikajaza mapengo, ikaandika faili upya.

"Lugha ndani ya faili?" nilimwuliza wiki ya kwanza. "Hii ni kujisumbua, Bi. Zuhura. Mimi niko na uwezo wa kuandika hizo faili zote kwa siku moja."

"Siku moja ndiyo," akasema. "Na mwaka ujao, ukishaenda Nairobi kutafuta kazi kubwa, nani atajua uliandika nini?"

"Na ukikosea kwenye kiolezo? Unaharibu mashine kumi na mbili kwa mpigo."

Akacheka. "Hilo swali zuri. Ndiyo maana hatutumi kitu kabla ya kusomeana. Vuta kiti."

Kusomeana ndiko nilikokuja kukuheshimu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Kabla ya kubadilisha kiolezo, aliichapa kwenye karatasi faili iliyokwisha jazwa. Mmoja wetu alisoma kiolezo kwa sauti, pengo kwa pengo, na mwingine akafuata kwa kalamu kwenye karatasi. Mwanamke mwenye nywele za mvi ndani ya mtandio, anasoma "ikiwa ni shule... mwisho wa ikiwa" kwa utulivu wa mtu anayesoma barua kutoka kwa dada yake. Mimi nilikuwa nageuza macho. Leo nasema wazi: sijaona fundi msafi kama yule.

Sasa, kosa langu. Zahanati ya Masii ilipata mtandao kwa dishi, na ulikuwa wa polepole. Kiolezo kiliziambia mashine zote zisubiri sekunde kumi. Masii ilihitaji sitini. Nikaingia kwenye mashine ile kutoka mezani kwangu, nikaandika sitini kwa mkono. Ikafanya kazi. Baada ya nusu saa programu ikapita, ikarudisha kumi. Nikaandika tena. Ikarudisha tena. Mara ya tatu nilikasirika kana kwamba nimetukanwa. Nikaizima programu yenyewe kwenye mashine ya Masii, na sikumwambia mtu.

Barua zikawa zinaingia vizuri. Muuguzi wa pale, Mwikali, alinipigia simu kunishukuru. "Kioko, wewe ndiye fundi!" Nikavimba. Kila asubuhi ripoti ya programu hiyo ilitoka ikisema mashine kumi na moja zimejibu, Masii haijajibu. Aliyeisoma ripoti nilikuwa mimi. Siku moja Bi. Zuhura aliitupia jicho, akaniuliza, "Masii ina nini?" Nikamwambia, "Ni dishi tu. Mawingu." Huo ulikuwa uongo, na niliutamka bila hata kuinua macho.

Miezi mitatu ikapita. Alhamisi moja tulihamisha barua pepe zote kwenye mashine mpya. Bi. Zuhura alibadilisha mstari mmoja katika orodha, tukasomeana, akatuma. Baada ya nusu saa mashine zote zilikuwa zimeijua anwani mpya. Zote ila moja. Mimi hata sikuikumbuka.

Jumanne asubuhi simu ikalia. Bi. Zuhura akaiweka kwenye spika, na ilikuwa sauti ya Mwikali.

"Nyinyi watu wa kompyuta mnafanya nini huko? Niko na mama mjamzito hapa. Majibu ya damu yake maabara wanasema walituma Ijumaa. Mimi sijaona kitu."

"Hawawezi kukusomea kwa simu?"

"Aiee! Majibu ya mtu hayasomwi kwa simu, Bi. Zuhura, unajua. Na dawa siwezi kumpa kwa kubahatisha. Amekuja Ijumaa, amekuja jana, leo yuko hapa tena kwa benchi. Anatembea kutoka mbali, na siku zake zimekaribia. Nimwambie nini?"

Mwanangu, nilijua kabla simu haijakatwa. Ningeweza kusema dishi tena, na nakiri neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona yule mama kwenye benchi, ingawa sikuwahi kumwona.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizima programu Masii."

Bi. Zuhura hakuuliza kwa nini. "Ingia ubadilishe anwani kwa mkono. Sasa hivi. Mama apate majibu yake, halafu tutazungumza."

Nikaandika anwani mpya. Dakika kumi hivi baadaye Mwikali alipiga. Barua zimeingia, zote za tangu Ijumaa. Mama amepewa dawa yake. Hakuniita fundi safari hii.

Mimi, kwa ubishi wangu ambao hata aibu haikuuua, nikasema, "Kumbe hata wewe unaruhusu kuandika kwa mkono."

"Naruhusu," akasema. "Mbele ya watu. Sasa hivi tuko wawili tunaojua. Wewe ulikuwa unajua peke yako." Akavuta kiti. "Haya, niambie. Ulikuwa unapinga nini?"

Nikamweleza habari ya sekunde kumi na sekunde sitini. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Basi kiolezo changu kilikuwa na kasoro. Nilidhani mashine zote zinasubiri sawa. Wewe uliliona kosa langu, Kioko, ukalificha miezi mitatu! Usomi wote huo unamsaidia nini mtu?"

Hakuna aliyewahi kunigombeza hivyo: kwamba nilikuwa sahihi, na nikawanyima wenzangu usahihi wangu. Tulikaa pamoja, tukaongeza pengo la muda wa kusubiri. Kwenye orodha, mbele ya Masii, akaandika sitini. Juu yake akaweka mstari wa maelezo, ule ambao mashine haiusomi, watu tu ndio wanaousoma. Nilijua ataandika kosa langu. Aliandika: "Masii hutumia dishi, husubiri zaidi. Kioko ndiye aliyeligundua hili." Kisha akaniambia nitawasha programu tukishasomeana, na akaanza kusoma kwa sauti. Mimi nikashika kalamu.

Kwa hiyo, mwanangu unayeanza kazi leo, hoji kiolezo. Aliyekiandika ni mtu, na amesahau kitu. Lakini ukiona pengo limekosekana, usikimbilie kuitoa mashine yako pembeni ukaitunza kisiri. Ongeza pengo, pale ambapo kila mtu atalisoma, na uandike sababu kwa maneno ambayo mgeni ataelewa. Dharura ikikulazimisha kutumia mkono, tumia, ila mwambie mtu kabla hujainuka kitini. Na ripoti ikikuambia kila asubuhi kwamba mmoja hajajibu, usiizoee. Mwisho wa ule waya kuna mtu anayengoja.

Mungu akupe macho ya kuona kasoro na moyo wa kuisema mapema. Akukutanishe na mkubwa atakayekusikiliza mpaka mwisho. Na siku wewe utakapokuwa mkubwa, akupe uungwana wa kuandika jina la mdogo wako kwenye wema aliouleta.