Mama Mkwe na Tarumbeta la Besi

Fundi hakuwa na karakana. Karakana yake ilikuwa sebule. Matarumbeta yalining'inia kwenye misumari ambayo wengine hutundikia picha za harusi, mabomba marefu yalilala juu ya kochi, na harufu ya dawa ya kung'arishia shaba ilikuwa imeingia hadi kwenye mapazia. Mkewe, muuguzi, alishazoea. Aliyekataa katakata kuzoea ni mama yake muuguzi, aliyehamia kwao tangu magoti yaanze kumsumbua.

"Mwanangu," alimuuliza mkwewe kila alipomsikia akijaribu sauti, "hilo limepona au ndiyo linakata roho?"

Fundi alicheka, ingawa moyoni alimwogopa kidogo.

Siku moja kiongozi wa bendi alileta tarumbeta kubwa la besi lililoanguka kutoka juu ya gari. Mdomo wake mpana ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyokaliwa, na kesho yake walikuwa na harusi ya kupiga. Fundi alianza kuunga bomba lililoachia. Bomba likashika, lakini kufumba na kufumbua, lehemu ya moto ikamdondokea kiganjani. Mkewe alimfunga bandeji mkono mzima, akamkataza kushika chochote, akaenda zamu.

Fundi akabaki anaitazama kazi, amenyong'onyea. Mama mkwe akatoka chumbani akijikongoja.

"Umenuna nini?"

"Mkono, mama. Kazi ya watu imelala."

"Nilisema magoti yangu mabovu. Kuna siku nilikwambia mikono mibovu? Nielekeze."

Akapakata lile tarumbeta likiwa limeviringishwa blanketi. Kilihitajika kitu kizito, laini, chenye ncha ya mviringo, na chuma cha Fundi cha kunyooshea kilimshinda mama kukishika. Akaenda jikoni, akarudi na mchi wa kutwangia, ameufunga kitambaa.

"Usigonge, mama. Sukuma kwa ndani polepole, kama unakanda unga."

"Kukanda unga unanifundisha wewe?"

Shaba ikaanza kurudi mahali pake, kidogo kidogo, jasho likimtiririka bibi wa watu. Kisha akapaka dawa, akasugua, akafuta kwa kitambaa kikavu. Ghafla akauona uso wake kwenye shaba, akashtuka.

"Eh! Kumbe nimezeeka hivi na hamniambii!"

Jioni kiongozi wa bendi alikuja, akavuta pumzi, akapuliza. Glasi zikatetemeka kabatini. "Fundi, wewe ni kiboko!"

"Si mimi," Fundi alisema. "Ni mama huyu."

Mama mkwe akajifanya anakunja vitambaa, hajasikia neno.

Muuguzi aliporudi aliuliza, "Mmekula nini?"

Wawili wale wakatazamana. "Hatujala," mama yake akajibu. "Tulikuwa kazini."

Fundi akainuka, akabandika sufuria kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amemhesabu mama huyu kama mgeni wa kuvumiliwa, kumbe alikuwa na mtu wa kumtegemea ndani ya nyumba.

"Asante, mama. Asante sana."

"Haya, asante imefika. Ongeza maji, yatakauka."

Mkono ulipona. Lakini kiti chake cha kazi, cha dirishani, penye mwanga mzuri, kilishapata mwenyewe. Fundi hakukidai. Alijisogezea stuli kando ya mama mkwe, wakaendelea kusugua.