Kaya Yako Ni Ipi?

Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Mtu akinisalimia mara mbili kwa asubuhi moja, najiuliza ana haja gani. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku nikiingia peponi nitaanza kwa kuuliza mlango wa kutokea uko wapi. Basi binti wa kaka yangu aliposhuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, likizo ya mwisho wa mwaka jana, nilimkumbatia kwa mikono miwili huku macho yangu yako kwenye begi lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako kakutuma?"

"Hata! Nimekuja kukusalimia tu. Na nina kazi ya chuo kidogo."

Kazi ya chuo kidogo. Hapo hapo nikahisi ni habari ya nyumba. Nyumba hii aliiacha baba, tukairithi wawili, mimi na kaka. Kaka yuko Maskati miaka na miaka, na kila akipiga simu lazima alete lile neno lake: nyumba iuzwe, kila mtu achukue fungu lake kisheria, tusemehane. Nikikataa anasema nina choyo. Choyo cha nini? Nyumba ikiuzwa mimi nina pa kwenda. Mwanangu wa kiume amejenga Mabawa, na mkewe hanichukii sana. Lakini Yaya angekwenda wapi?

Yaya ndiye aliyenilea. Jina lake analo, ila nyumba nzima na mtaa mzima tulimwita Yaya. Baba alikuwa na shamba la minazi huko kaskazini, kwa Wadigo, karibu na mpaka. Kaka alipozaliwa, baba akarudi kutoka shamba na binti wa miaka kumi hivi, mtoto wa mtu aliyekuwa akimwangulia nazi, aje kumsaidia mama. Akasaidia. Mimi nimekulia mgongoni mwake. Mama akafa, baba akafa, mume wangu akafa, Yaya yuko uani anakuna nazi. Hakuolewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na mimi sikuwahi kumuuliza yeye.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, tuko barazani na yule mtoto, nikaona bora nimchimbe kabla hajanichimba.

"Haya, hebu nieleze. Unasoma nini huko?"

"Sosholojia, shangazi. Elimu ya jamii."

"Ndiyo nini?"

"Kuchunguza watu wanavyoishi pamoja. Nani anamsikiliza nani, nani anakula na nani, na kwa nini."

Nilicheka mpaka khanga ikanidondoka. "Loo! Umbea umefika chuo kikuu!"

Naye akacheka, mtoto hana makuu. Akasema hata mwalimu wao huwatania hivyo hivyo, ila mbea haulizwi ushahidi na wao wanaulizwa. Akanieleza asili ya hiyo elimu. Jina lake lilitungwa na Mfaransa, zama ambazo kwao mambo yalikuwa yamepinduka: wafalme wameangushwa, viwanda vimefunguliwa, watu wameacha mashamba na kujazana mijini hawajuani. Wenye akili wakaanza kujiuliza, hawa watu kinachowashika pamoja ni nini hasa? Lakini karne nyingi kabla ya hapo, akasema, kadhi mmoja mzaliwa wa Tunis alishaliuliza swali hilo. Aliandika jinsi watu wa jangwani wanavyoshikamana mpaka wakauteka mji, halafu wajukuu zao wakalewa raha, mshikamano ukafa, wakaja wengine wakawateka wao. Mshikamano huo akauita asabia.

Hapo nikamkazia macho. Neno hilo nalijua. Madrasa tulifundishwa kwamba asabia ni dhambi, mtu kuwatetea watu wake hata wakidhulumu.

"Yeye hakusema ni nzuri, shangazi," akanijibu. "Alisema ipo."

"Na faida ya kuyajua yote hayo?"

Akasema, tuseme zahanati imejengwa na kina mama hawaendi. Daktari anadhani ni wajinga. Mtu akikaa nao, akawauliza kwa adabu, atakuta kumbe njia ya zahanati inapita mbele ya baraza la wanaume, na kila mwenye mimba changa anajulikana mji mzima kabla hajafika mlangoni. Njia ikihamishwa, watu wanakwenda. Nilipenda mfano huo, nakiri. Lakini sikumwonyesha.

"Mjerumani naye alituuliza," nikamwambia. "Akatuandika, ikaja kodi ya kichwa. Mwingereza akatuandika kwa makabila. Kwenye mkonge watu walipewa namba. Kila aliyekuja kutuandika alikuwa na shida na sisi."

Nilidhani atabisha. Akasema, "Hilo nalo ni sosholojia, shangazi. Kuuliza anayeuliza ni nani, na anataka nini."

Mjanja! Nikaona mtoto huyu kafundishwa akafundishika. Na nani wa kumfundisha kunijibu hivi kama si babake?

Kesho yake akatoa kishikwambi. Chuoni wameambiwa kila mmoja aanze na nyumba yao kabla ya kwenda kuuliza ya watu. Maswali yenyewe yanaitwa dodoso. Jina tu linatosha! Kwetu mtu anayekudodosa hakutakii heri. Anakujia polepole, anaulizia hali ya watoto, akiondoka anajua mpaka ulichopika. Nikawa namjibu kama niko kizimbani. Vyumba vingapi? Si unaviona. Wanaolala humu? Mimi na Yaya, na Mungu juu.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni mimi. Andika kwa herufi kubwa, ili na anayesoma Maskati aone."

Akaandika. "Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Sasa shangazi, mbona sisi tunakula mezani, na Yaya anakula jikoni?"

"Kazoea."

"Na ni nani kwako? Hapa nina mzazi, mtoto, ndugu, mpangaji, mtumishi."

Akili ilikuwa inakimbia. Nikisema ndugu, kaka atasema ndugu gani asiye na fungu. Mpangaji, nitaulizwa mkataba. Mtumishi, mtumishi huachishwa. Nilikuwa natafuta neno moja tu ambalo kaka hatapata pa kulishika akamtoa Yaya. Wallahi, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu.

"Ni mtu wetu," nikasema.

"Mtu wetu maana yake nini?"

"Mtu wetu, basi! Mtoto wa pwani gani wewe hujui mtu wetu?"

"Najua, shangazi. Ila najiuliza kama na sisi ni watu wake."

Nikamwambia aache upuuzi. Sauti ilinitoka kubwa, na mlango wa uani ulikuwa wazi.

Mtoto akainuka, akaenda huko uani na kishikwambi chake. Nami nikanyata, nikasimama nyuma ya pazia la ukumbini. Naam, nilisikiliza. Nilitaka kusikia nyumba ikitajwa, au kaka akitajwa, nimkamate palepale.

"Yaya, samahani nikuulize. Kwa unavyoona wewe mwenyewe, kaya yako ni ipi?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Kaya yangu?"

"Ndiyo, Yaya."

"Kaya yangu iko mbali, mwanangu," akasema, akaendelea kukuna. Mimi nyuma ya pazia nikashusha pumzi. Alhamdulillahi, hakuna neno la nyumba. Nikaenda zangu kulala mchana.

Asubuhi iliyofuata nikaamka sikusikia harufu ya chai. Nikaenda uani. Moto haujawashwa. Nikasukuma mlango wa chumba cha Yaya, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kavaa buibui, godoro kalikunja, na mzigo kaufunga kwa khanga miguuni pake.

"Yaya! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nangoja kupambazuke vizuri nipate gari la Horohoro, la mpakani."

"Unakwenda wapi?"

"Kaya. Si nimeulizwa?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu sisi kaya ni neno la serikali, la fomu na sensa. Kwa Wadigo kaya ni nyumbani, kwa watu waliokuzaa. Na pwani nzima, mtu aliyekaa kwako ukimuuliza kwao ni wapi, umeshamfungulia mlango. Mtoto wa watu kauliza la chuo, mwenzake kasikia la kufukuzwa.

"Miaka yote najua mtaniuliza siku moja," Yaya akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nilidhani utaniuliza wewe mwenyewe. Kumbe umemtuma mtoto."

Siku tatu nzima nilikuwa namtafuta aliyemtuma yule mtoto. Yaya alikuwa ameshampata, naye ni mimi.

Mtoto akaja mbio kwa makelele yangu. Alipofahamu akalia, akapiga magoti, akaeleza kwamba kaya ya kwenye dodoso si kwao mtu, ni watu wa chungu kimoja tu. Yaya akamsikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Chungu kimoja nakipika mimi, mwanangu. Kula nakula peke yangu." Akanigeukia. "Na lile la mtu wetu nililisikia pia. Mtu wetu, mbuzi wetu, mnazi wetu."

"Yaya, sikuwa na maana hiyo! Nilikuwa nakulinda!"

"Kunilinda ni vyema. Ungeniambia."

Nikamgeukia mtoto kama mwehu. "Lete hicho kidude! Andika! Andika ni mama yangu!"

Mtoto akakimbilia kishikwambi. Yaya akainua mkono. "Asiandike. Leo nimekuwa mama kwa kuwa nimefunga mzigo. Jana nilikuwa nani?"

Aibu ilinishika nikashindwa hata kumtazama usoni. Nikamwomba akae, nikamwomba kwa Mungu na kwa marehemu mama. Akasema anakwenda kuona kwao, hata kama waliobaki ni makaburi, kwa sababu ameulizwa na yeye mwenyewe amejikuta hajui jibu.

Tulimpeleka wawili, mimi na mtoto. Makaburi yalikuwepo, na mdogo wake wa kike yupo pia, kikongwe mwenye fimbo, aliyeachwa hajajua kutembea. Hawakuwahi kuonana tangu hapo. Alimshika Yaya uso kwa mikono miwili, akamwita kwa jina lake. Mimi nilichelewa kugeuka, nikidhani anaitwa mtu mwingine.

Yaya akabaki huko, mtoto akarudi chuoni. Kaka akapiga simu, nikamvaa: umemtuma binti yako kutuandika! Akashangaa. Hakujua hata kama alifika Tanga. Nikamwamini, na si kawaida yangu. Nyumba haijauzwa. Nimeshika msimamo wangu, ingawa yule niliyekuwa nikimshikia hayumo.

Mwezi wa kwanza nilijiambia atarudi wiki ijayo. Sasa wa tatu unakwisha. Chakula nakula jikoni, mezani kunanishinda. Juzi nikampigia kwa simu ya mpwa wake.

"Mama," nikamwambia, neno ambalo bado sijalizoea. "Unarudi lini?"

Akacheka, kwa furaha kabisa. Nyuma yake nilisikia wanawake wanabishana kwa Kidigo, na kuku.

"Nitakuja kukutembelea, mwanangu," akasema. "Unitandikie chumba cha wageni."