Mgonjwa Aliyebeba Sukari

Siku ile tulikuwa watu sita, na nawataja wote mapema ili asitokee mmoja wao kusema nimemwacha. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba wa kwetu, mwenye pikipiki. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, ndiye aliyetaka kuoa. Alikuwepo dada ya baba yetu, tunayemwita senge, aliyebanwa katikati yetu kama nyama ya mshikaki. Walikuwepo wanawake wawili waliokuwa wakichuma majani chai kando ya barabara, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Na alikuwepo baba ya msichana, ingawa yeye alikuwa nyumbani kwake, juu ya Kimulot, akitungoja.

Huko kutungoja ndiko kulikotutia hofu. Mzee alikuwa ameagiza tufike kabla ya chai ya saa nne. Kwetu, anayesimama kumwombea kijana mke ni baba yake. Baba yetu hayupo, wala mama. Mimi niliachia shule darasa la saba nikaanza kuchuma majani ya watu ili wadogo wangu wasome, kwa hiyo kazi ya kusema ilikuwa yangu. Watu wa msichana walikuwa wameuliza bila kuficha: nyumba isiyo na mzee itamtunza vipi mtoto wao? Tungechelewa siku ya kwanza, tungekuwa tumewajibu.

Jioni kabla ya safari mvua ilikata stima. Mdogo wangu alichomoa waya kwenye pikipiki, akafunga balbu ndogo kwenye betri, akaketi na senge kufanya mazoezi ya kujibu maswali. Mimi nililala nikiwasikia.

"Unakunywa pombe?" senge aliuliza kwa sauti nzito ya mkwe.

"Hapana, baba."

"Ukijibu haraka hivyo utaonekana mlevi. Fikiri kwanza."

Waliendelea hivyo hata sijui waliacha saa ngapi. Asubuhi pikipiki ilikataa kuwaka kwa swichi. Tuliisukuma kwenye mteremko wa nyumbani, ikawaka, nami nikasema ni baridi.

Tulitoka upande wa Chepilat na sharti moja la senge. Ukienda kuomba mke, alisema, usimwambie mtu wa njiani unakokwenda, safari itaharibika. Tukanyamaza njia nzima. Tulipokaribia, chini bondeni penye daraja dogo, senge aliomba tusimame avue gambuti za mpira avae viatu vya heshima. Nikasimama na kuzima injini.

Nilipobonyeza swichi ililia tik, tik, kisha hata hiyo tik ikaisha. Nikapiga kiki mpaka goti likalalamika. Pikipiki yetu ni ya aina ile ambayo betri ikifa kabisa haitoi moto, uipige kiki usipige. Ilibaki kusukuma, lakini pande zote mbili ni mlima, na sisi tulikuwa chini kama maharagwe kwenye sufuria. Tuliisukuma kwenye kipande kifupi kilichokuwa sawa, nikaachilia klachi kwenye gia ya pili. Ikakohoa kidogo ikanyamaza. Tukarudia. Senge alisukuma kwa nguvu kuliko bwana harusi.

"Mnaipeleka kuoga mtoni?"

Ni yule mwanamke mrefu. Alikuwa amesimama katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, epron ya plastiki imelowa umande. Mwenzake mfupi alikuwa mstari wa pili, mikono yake ikiendelea kuchuma huku macho yakiwa kwetu.

"Chamgei, mama," nilisalimia.

"Chamgei. Mnaenda wapi mmependeza hivyo?"

Senge alinitazama. Nikakumbuka sharti lake.

"Tunampeleka huyu mama zahanati. Ni mgonjwa."

Senge, ambaye jasho la kusukuma lilikuwa bado linamtoka, alishika kiuno papo hapo.

"Pole sana. Anaumwa wapi?"

"Mgongo," nikasema.

"Tumbo," mdogo wangu akasema wakati uleule.

Yule mfupi aliacha kuchuma. Walitoka wote wawili mpaka barabarani wakaizunguka pikipiki polepole. Nyuma tulikuwa tumefunga sukari, unga na kibuyu cha maziwa ya mursik kilichofutwa mpaka kikang'aa.

"Na hii sukari," aliuliza yule mrefu, "anatumia kabla ya chakula au baada?"

"Mursik ni ya daktari," mwenzake akamjibu kwa niaba yetu. "Lakini zahanati wameipita kule nyuma. Huku mbele kuna mzee mmoja tu mwenye binti, na sijasikia kama anatibu mgongo."

Mdogo wangu akaanza kuyatazama maji chini ya daraja. Senge aliachilia kiuno.

"Wacha, mwanangu," aliniambia. "Nimepona."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kumbe msichana mwenyewe alikuwa amepita asubuhi kwenda dukani, akawaambia wageni wake watakuja watatu kwa pikipiki moja, na wakiwaona wamekwama wawasaidie. Tulikuwa tumeibeba siri yetu mlima na bonde, na watu wa huku walikuwa nayo tangu asubuhi.

Yule mrefu alitua kikapu akapanda kwake, nyumba ya mabati iliyo juu tu ya shamba. Alirudi amekumbatia betri kama mtoto. Ilitoka kwenye pikipiki ya mwanawe aliyehamia mjini, na siku hizi inachajiwa na sola ndogo ya paani, inamwashia taa na redio. Nikatoa spana, nikafungua kifuniko cha kando. Mdogo wangu alishika nyaya mbili, ameduwaa.

"Nyekundu nipe mimi," nilimwambia. "Nini sasa?"

"Nafikiri kwanza," alisema.

"Anayetaka mke ni nani?" yule mfupi alimuuliza senge. "Huyu au huyu?"

Nilipobonyeza swichi ikawaka mara moja. Yule mrefu alichukua betri yetu iliyokufa akasema ataiweka kwenye sola.

"Hata mkikataliwa msipite kimya," alisema. "Nahitaji taa yangu."

Tulifika chai ya saa nne imeshanywewa. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba kwenye kiti cha mbao, kikombe kitupu miguuni, simu mkononi. Alitupa mkono mmoja mmoja, kisha akamgeukia senge.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Habari za darajani zilikuwa zimetutangulia kwa simu. Tulikuwa tumechelewa, na sasa tulikuwa waongo pia.

"Mzee," nikasema, "aliyekuwa mgonjwa ni pikipiki. Shangazi nilimsingizia. Uongo ni wangu."

"Na betri ilimalizwa na nani?"

Hakuniangalia mimi, alimwangalia mdogo wangu. Naye alifikiri kwanza, akafikiri tena, mpaka nikataka kumpiga kiwiko.

"Ni mimi, baba. Nilifunga balbu."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kufanya mazoezi ya kukujibu."

Mzee alipangusa mdomo kwa kiganja, muda mrefu kidogo.

"Na hilo jibu mlilifanyia mazoezi?"

"Hilo hapana."

"Basi ingieni. Chai itapikwa nyingine."

Ndani aliuliza nani anaisemea nyumba yetu. Senge alininyooshea kidevu. Nikasema yote: wadogo wangu wako wapi, nani anasoma, nani amemaliza, ng'ombe wetu na majani yetu yalivyo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema turudi tukiwa na wazee wa ukoo, naye ataita wa kwake. Kwetu mtu anayekukataa hakuambii urudi na wazee.

Tuliposhuka bondeni yule mrefu hakutuuliza kitu. Aliutazama uso wa mdogo wangu, akaenda kuileta betri yetu. Nikabadilisha, nikamrudishia yake, nikaingiza mkono mfukoni.

"Pesa sitaki," alisema. "Utakuja siku ya kuchuma, wewe mwenyewe. Ufunge kitambaa kichwani, ubebe kikapu, unichumie mistari yangu mpaka lori la majani lije."

"Mimi nimechuma majani tangu nikiwa mdogo, mama."

"Hiyo ndiyo nataka kuona. Midomo nimeshaisikia."

Sasa mdogo wangu ameoa na ana mtoto. Shida yangu ni kwamba lori hupitia kituo chetu siku ileile linapopitia chao, na siku hiyo majani yangu nayo yananingoja. Mwaka jana nilimtuma bwana harusi akachume badala yangu. Alirudishwa kabla ya saa nne na kikapu kitupu na maagizo kwamba atakayechuma ni aliyesema mgongo. Kila nikipita pale darajani yule mrefu hunyooka katikati ya mistari na kunionyesha kikapu. Mvua imenyesha vizuri msimu huu na majani yanakua haraka, nami bado sijaenda.