Siagi ya Baba Mkwe

Kyela siagi haikai. Inageuka mafuta kabla jua halijafika utosini. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vimerudi madukani baada ya zile foleni za sukari, na mimi, mbishi wa kuzaliwa, niliapa kuitunza siagi juu ya meza ya jikoni bila friji.

Sababu ilikuwa baba mkwe. Tulimleta kutoka Mwaya akiwa mgonjwa, na kila chakula nilichompikia kilirudi vilevile. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mume wangu ndiye aliyempelekea sahani. Mimi nikisikia tu kikohozi chake uani, nilijibanza nyuma ya mlango. Niliogopa mzee angenifia kwa njaa, na watu waseme mkamwana ni mchoyo.

"Enzi zake za migodini kule Kusini kwa makaburu alizoea mkate na siagi," mume wangu alinidokeza.

Basi. Shangazi yangu, aliyekuwa akivuka kwenda Malawi kufanya biashara, akaniletea pakiti ya siagi yenye chumvi. Niliitia kwenye bakuli, bakuli nikaliweka ndani ya chungu cha udongo cha soko la Lyulilo chenye maji kidogo, juu nikafunika kitambaa kilicholoa. Kitambaa kikikauka, siagi imekwenda. Asubuhi ya kwanza mzee alikula vipande viwili vya mkate, nami nikacheka peke yangu jikoni kwa furaha.

Siku ya tatu nilikwenda sokoni, nikanogewa na umbea kwa wauza mchele. Jua la saa saba ndilo lililonikumbusha kitambaa. Mume wangu alikuwa kazini; nyumbani alibaki mzee peke yake. Nilirudi mbio, nikijitukana njia nzima.

Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji. Siagi ilikuwa imeshikamana vizuri, ila pembeni imechotwa kwa kidole. Sakafuni, nyayo kubwa zilizoloa zilielekea chumbani kwa mzee. Baba mkwe, ambaye hakutakiwa kuona hata kivuli changu, alikuwa ameingia jikoni kwangu.

Sikumwambia mtu. Jioni mume wangu alirudisha sahani tupu.

"Baba anasema ndaga," akaniambia. "Nimemuuliza anashukuru nini, hataki kusema."

Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda sokoni nilibamiza mlango kwa nguvu, ili ajue jikoni hakuna mtu.