Mgiriki wa Naitiri na Mahindi ya Mama

Mwalimu wangu wa sekondari alipostaafu alirudi kwake Naitiri, akageuza stoo ya mahindi kuwa makumbusho ya mwandishi mmoja mashuhuri wa Ugiriki. Ndani mlikuwa na vitabu sita, ramani aliyoichora mwenyewe, na chupa ya mafuta ya zeituni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe alitoa amri: Jumamosi ikifika kama kitabu cha wageni hakina majina ishirini, Mgiriki anatoka, mahindi yanaingia.

Mimi nikikumbuka shule kidogo tu, nimeshabeba mfuko kwenda kumwona. Jumamosi hiyo nilitoka Kitale na zawadi, picha kubwa ya mwandishi huyo kwenye fremu, ndevu mpaka kifuani. Kitabu kilikuwa na jina moja, la mwalimu mwenyewe. Nikaongeza langu.

Stoo ilikuwa na giza, kwa hiyo tuliweka picha nje mezani, maua pembeni, kitabu mbele, na viti vya plastiki vya kanisa kwa safu. Hatukufikiria. Kwetu hiyo ni matanga.

Jirani mmoja akaingia na kuni kichwani. "Pole, mwalimu. Alituacha lini?"

"Zamani sana, mama," mwalimu akajibu kwa furaha.

"Na hamkutuambia! Alikuwa nani kwako?"

"Ndiye aliyenifungua macho."

"Uuwi!" Jirani akatua kuni, akaandika jina lake.

Kufikia saa nane kwaya ilikuwa imefika, na debe la maharagwe.

"Lakini si huyu ni mzungu?" mmoja akanong'ona.

"Ni ugonjwa, bana. Ulimmaliza rangi."

Nikainuka niseme ukweli. Mwalimu akanikanyaga mguu. "Wako wangapi kitabuni?"

"Kumi na saba."

"Basi keti kwanza."

Mkewe alirudi kutoka shambani akakuta watu wanaimba. Akashika kichwa. "Nani amekufa kwangu?" Mwalimu akamwonyesha picha. Mama akachukua kitabu, akasoma polepole. Majina thelathini na moja, karibu kila moja na pole yake. Hakuna mwombolezaji hata mmoja aliyekuwa ameingia stoo.

"Mtu ameombewa, ameimbiwa, ameletewa maharagwe," akasema. "Sasa nikimtoa, watu watanionaje? Mahindi yataenda sebuleni."

Mwalimu nusura alie. Mama akaingia stoo, mara yake ya kwanza tangu iwe makumbusho, akatoka na ile chupa ya zeituni.

"Hiyo ni ya maonyesho!" mwalimu akapiga kelele.

"Waombolezaji watakula maharagwe makavu?"