Kisu Ambacho Baba Alidai Jina Lake

Wenzangu niliojifunza nao uuguzi walinung'unika kwamba sista, mkuu wa chumba cha upasuaji, anatukaririsha majina ya vyombo kama kasuku. Mimi sikunung'unika. Nililelewa katika nyumba za reli hapa Nakuru, na baba yangu, fundi wa injini za treni, hakumruhusu mtu kushika hata spana kabla hajataja jina la spana hiyo, kazi yake na ilikotoka. Ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yao, na aliileta hadi mezani kwetu.

Nikiwa mwaka wa pili, katika miaka ile ya hamsini, baba aliletwa hospitalini kwetu hajiwezi. Chuma kilikuwa kimemchoma paja, naye akaficha kidonda hadi usaha ukazama ndani. Daktari alisema asipopasuliwa siku hiyo atakufa. Baba akakataa katakata. Nilimkasirikia hadi machozi yakanitoka. Na huyu ndiye aliyeniambia kuosha wagonjwa ni kazi ya yaya!

"Mama," akasema, maana nimerithi jina la mama yake, "hiyo kisu yao inaitwa aje?"

"Skalpeli, baba."

"Hiyo ni jina tu. Inafanya nini? Imetoka wapi?"

Nikapangusa machozi, nikamjibu kama niko kwenye mtihani. Nilimweleza kwamba neno ni la Kilatini, limetokana na jina la patasi, likapunguzwa kama vile sisi tungesema kijipatasi. Kwamba hukata ngozi na nyama, si mfupa. Mfupa una msumeno wake. Kwamba mkato ukiwa mdogo hushikwa kama kalamu, na makali yakiisha hayanolewi, bali huchomolewa yakawekwa mapya kwenye mpini uleule.

Baba alisikiliza amefumba macho. "Spea iko?"

"Iko tele."

"Na nani anapatia daktari hiyo kitu?"

"Ni sista, baba."

"Hapana. Wewe ndio unaijua. Upeane wewe, ama mimi narudi nyumbani."

Sista, Mzungu mkali kama pilipili, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kupewa kazi ile. Daktari akasema muda unakwisha. Basi nikanawa hadi viwikoni.

Baba alidungwa sindano ya mgongo, akabaki macho nyuma ya shuka. Nilimkabidhi daktari skalpeli, mpini ukitangulia. Nalisema hili kwa majivuno, na sitaomba radhi. Usaha uliotoka ulijaza bakuli.

Wiki iliyofuata wenzake wa karakana walikuja kumjulia hali, ovaroli zimejaa grisi. Mmoja akanipungia mkono. "Wewe msichana, tuletee viti."

Baba akajiinua kwa kiwiko.

"Kiti jiletee mwenyewe," akamwambia. "Huyu ni fundi."