Nilimwinua Mwalimu wa Gita Kwenye Kiti

Kosa ni langu. Usinitafutie mtu mwingine wa kulaumu, maana nimejaribu mwenyewe na sikumpata.

Mimi ni mzee wa Boito. Shule niliacha darasa la tatu. Shamba la chai nililo nalo, ng'ombe, nyumba ya mawe, vyote ni mikono hii. Hakuna mtu alinishika mkono, na nilizoea kusema hivyo kila mahali.

Mama watoto alipofariki, binti yetu wa mwisho alinyamaza. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Anachuma chai, anapika, analala. Ukimwongelesha anaitikia kwa kichwa. Miezi mingi hivyo. Siku moja akasema, "Baba, nataka kujifunza gita." Nilifurahi kusikia tu sauti yake. Nilienda Sotik siku hiyo hiyo nikanunua gita.

Mwalimu nilimpata kwenye kiwanda cha chai. Ni Mjaluo, karani wa mizani, mtu wa miaka arobaini na kitu, ana bibi na watoto. Jumamosi anakuja kwangu kumfundisha. Alimwanzia chini kabisa: namna ya kushika, namna ya kukaza nyuzi. Vidole vya binti vikauma. Mwalimu akamwambia, "Wewe ni mchumaji wa chai, hii mikono iko haraka kuliko yangu. Vumilia, ngozi itakuwa ngumu." Binti yangu akacheka. Nilikuwa nje naosha gambuti, nikasimama nisikie vizuri. Nilikuwa nimesahau hicho kicheko.

Alifika mahali anapiga wimbo mmoja wa kanisa mzima, polepole, na kuimba juu yake.

Sasa sikia nilichofanya.

Jumamosi moja wazee wa rika langu walikuja. Somo lilikuwa limeisha, mwalimu amekaa na sisi sebuleni anakunywa chai. Sisi Wakipsigis, mwanaume ambaye hajatahiriwa tunamhesabu mtoto, hata awe na mvi. Na Wajaluo kwa mila yao hawakuwa na hiyo tohara. Mmoja wetu akamwangalia mwalimu, akaniuliza, "Siku hizi hapa kwako watoto wanakalia viti vya wazee?"

Wakacheka. Ningesema tu, huyu ni mwalimu wa mtoto wangu. Maneno sita. Lakini niliogopa kuchekwa.

Nikasema, "Kijana, beba chai yako ukanywe jikoni, mahali pa watoto."

"Mzee, unaongea na mimi?"

"Kwani kuna kijana mwingine hapa?"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Binti alikuwa mlangoni. "Baba, huyo ni mwalimu wangu."

"Nyamaza. Hii ni nyumba yangu."

Mwalimu aliweka kikombe chini vizuri, akaaga wazee wote kwa mkono, mmoja mmoja, akaenda.

Jumamosi iliyofuata binti alikaa na gita kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja. Nikamwambia atakuja tu. Hakuja.

Nilienda kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi. Bibi yake akanipokea, "Karibu baba, kaa." Mwalimu akaniambia, "Mzee, sina hasira. Hayo nimeyasikia tangu nihamie huku. Lakini mtoto ameona baba yake akinidharau. Nikimwambia fanya hivi, atanisikia aje?"

Nilikuwa nimetembea njia yote na neno "nisamehe." Halikutoka. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Basi njoo Jumamosi, tusahau hayo." Hata hapo niliamuru. Akasema hapana, akanisindikiza mpaka barabarani.

Kabla ya mwaka kuisha alihama na jamii yake kurudi upande wa ziwa. Nambari yake haiingii tena.

Nilimtafutia binti mwalimu mwingine. Akasema, "Hapana baba, asante." Gita alipatia watoto wa mwalimu siku walipokuwa wanapakia vitu. Akaenda kuishi na shangazi yake kule Kaplong. Jumapili ananipigia simu. "Umekula, baba?" "Nimekula." "Sawa." Heshima yote iko, hakuna mahali naweza kumkosoa. Lakini hakuna kitu kingine ndani. Nimemwomba arudi mara tatu. Sitarajii tena.

Wewe baba unayesoma, kumheshimu mtu mkiwa wawili ni rahisi. Mheshimu mbele ya wale unaoogopa watakucheka. Na usidhani hao watakuja kukusaidia kubeba majuto. Wangu bado wanakuja kunywa chai. Juzi mmoja aliniuliza, "Kwani yule msichana wako alienda wapi? Hii nyumba imekuwa kimya sana."

Nilimwongezea chai.